Aliyetengeneza Hasemi

Sogezeni viti, wanangu, kwa sababu sauti yangu haifiki tena mlangoni. Heriel, kaa upande huu wa sikio linalosikia. Romana, zima jiko, chai itasubiri. Na wewe Naeku, usisimame hapo kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Umekula katika nyumba hii tangu ukiwa kidato cha pili, ingia ukae na wenzako. Daktari ameniambia ukweli nami nimemshukuru, kwa hiyo tusipoteze asubuhi hii kwa kudanganyana kwamba nitaamka kesho nikapalilie migomba.

Mali yangu si ya kuwachosha. Shamba la Singe ni la Romana, kwa sababu ndiye aliyelilima tangu mgongo wangu ulipokataa. Nyumba hii ni yenu wawili, na asimfukuze mwenzake. Kinachoniweka macho ni banda la nyuma. Heriel, dalali wako alipokuja wiki iliyopita na futi kamba nilimwona kwa dirisha hili. Alipima kutoka barabarani mpaka ukuta wa banda, kisha akaingia akapima na banda lenyewe, huku wanafunzi wakimpisha wakidhani ni mgeni wa klabu yao ya ubunifu. Sikukasirika. Bagara imekuwa mji, na anayeacha uwanja ulio kando ya barabara bila fremu za maduka ataulizwa na majirani kama ana akili timamu. Jengeni fremu mbele, nimewaruhusu. Lakini kabla hamjaligusa banda, nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mtaamua ninyi.

Mnakumbuka mradi ulivyokuja shuleni kwetu. Walikuja wageni na gari, wakasema wanafunzi wafundishwe ubunifu, ujasiriamali na teknolojia, wakatuachia kompyuta, vifaa vya umeme na fulana. Mwalimu mkuu akaniangalia mimi kwa sababu ndiye niliyefundisha fizikia. Nami sikujua ubunifu unafundishwaje. Nilichojua ni kuandika ubaoni na watoto kunakili. Tukaanza hivyo hivyo. Kundi la kwanza wakatengeneza mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi, wakaipaka rangi, wakaichora na mishale. Nikawaambia twende nyumbani, mama yenu Marietha ana mahindi uani.

Marietha aliipokea, akaigeuza, akaketi chini na kunyoosha miguu kama anavyoketi siku zote akipukuchua, akaibana kati ya magoti, juu chini. Wale vijana wakaruka wote. "Mama, siyo hivyo! Mama, geuza!" Yeye akaiweka chini, akasema, "Haya, pukuchueni ninyi basi, mimi nikapike." Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Niliwaambia wafunge midomo, nikamwomba arudi aishike anavyotaka, nasi tukakaa kimya tukitazama mikono yake. Walikuwa wametengeneza mashine ya mtu anayesimama mbele ya meza, na hakuna mama wa Bonga wala wa Singe anayepukuchua mahindi mezani. Walirudi shuleni wakaikata miguu. Tangu siku ile ikawa sheria yetu: chochote kikitengenezwa, kinapewa mtu asiyekijua, na aliyetengeneza hasemi. Anaangalia mikono.

Romana, usicheke, najua unachokumbuka. Wewe hukuweza hata kukaza skrubu. Ulisema, "Baba, mikono yangu imefeli lakini mdomo upo," ukazichukua zile mashine ukazipeleka mnadani. Wenzako walikuwa wakiwauliza akina mama kama ni nzuri, na kila mama alijibu ni nzuri, mwanangu, Mungu akubariki, akaenda zake. Wewe ukawa unauliza, "Mama, ungeiacha hiyo kanga ukachukua hii?" Hapo ndipo walipoanza kusema kweli. Mpaka leo wanafunzi wanauliza swali lako, wala hawajui ni la nani.

Mradi ulipokwisha wageni hawakurudi, fulana zikachakaa, chumba cha klabu kikageuka stoo ya madawati. Nami nikastaafu. Mama yenu ndiye aliyesema, "Hilo banda la mbuzi si lipo? Waje Jumamosi." Tukawauza mbuzi, tukaliezeka upya. Naeku alikuja hapo akitokea bwenini, na wazo lake la kifaa cha kupima maji kwenye tangi la kisima cha kwao Simanjiro, ili kina mama wasiswage punda asubuhi nzima wakakuta tangi kavu. Kifaa kilituma ujumbe kwenye simu. Marietha akaupokea ujumbe, akauweka mbali, akauweka karibu, akasema, "Miwani yangu iko wapi?" Naeku akauma kidole, hakusema neno. Jumamosi iliyofuata akaja na dawa: maji yakiwepo, simu inabipu mara moja, basi. Hakuna kusoma. Leo ni mwalimu, na nyumbani kwao bado wanasikiliza ile bipu kabla ya kufunga punda mizigo.

Sasa nakuja kwako, Heriel. Usiangalie sakafu.

Mashine yako ya kutotolesha vifaranga ilikuwa kazi safi. Nililisema wakati ule na nalisema tena. Kasha la mbao, balbu, feni uliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Ulikuwa uende nayo kwenye mashindano Arusha. Ukampa mama yako ajaribu, akaweka mayai yake, na kila alipopita na sufuria alifungua kifuniko akachungulia. Wewe ukapiga kelele, "Mama, utayaua mayai!" Nami nikainua mkono kukunyamazisha. Mama yako akasema, "Kuku naye nikitaka kuyaona mayai yake namnyanyua." Joto likatoka, na wiki ya tatu hakikuanguliwa kitu. Nilikuambia uweke dirisha kwenye kifuniko. Uliniambia pale getini, "Baba, umemwacha mama aniaibishe mbele ya watu," ukaliacha kasha, na hukuingia tena bandani. Ulikwenda Arusha, umefanikiwa, umejenga, unakuja kila Krismasi na mchele na mafuta. Lakini miaka yote hii unapita kwa mlango wa mbele, na ukitaka kwenda uani unazunguka nyumba usipite bandani. Mimi nakuona. Mama yako alikuona.

Sheria ile siifuti. Ingekuwa leo ningeinua mkono vile vile. Ila kuna jambo hukulijua, na sikukwambia kwa sababu mama yako alinikataza.

Mliwahi kuuliza, wewe na dada yako, kwa nini picha yetu ya harusi haina kioo. Mama yenu aliwajibu kilivunjika, na mkamtania kwamba alinirushia. Hakikuvunjika. Ulipoondoka alikishusha ukutani, akamwita Naeku, akamwambia, "Kikate kiingie kwenye kifuniko cha Heriel." Yeye hapo, muulizeni. Kisha akaweka mayai upya, akawa anachungulia kwa kioo bila kufungua, akipika anachungulia, akitoka kanisani anachungulia hata kabla ya kuvua viatu. Vikaanguliwa. Kuku wote mliokula katika nyumba hii kila Krismasi, Heriel, wale uliokuwa ukiwasifu kwamba Arusha hakuna kuku kama hao, walitoka kwenye kasha lako. Nilimwambia, "Mama Heriel, tumwandikie mtoto." Akasema, "Hapana. Aliyetengeneza ndiye anayekuja kuangalia. Atapita bandani siku moja atakiona kioo." Alikungoja. Hata mwaka ule wa mwisho, miguu ikiwa imevimba, Jumamosi alitolewa na kiti chake akaketi kando ya lile kasha, na kila mwanafunzi mpya alimwambia, "Hili ni la mwanangu, lina hitilafu moja tu, alikuwa na haraka."

Lia, baba. Hakuna anayekucheka.

Romana, maji. Kidogo tu... inatosha.

Nasema haraka sasa. Msinisafirishe kwenda Rombo nilikozaliwa. Waambieni wajomba na baba zenu wadogo kwamba nililetwa Babati na uhamisho wa kazi, lakini nimebaki kwa hiari yangu, na Marietha amelala hapa, nami nilazwe kando yake. Ikiwa mazishi yataangukia Jumamosi, banda lifunguliwe kwanza, turubai na viti baadaye. Naeku, vifaa vyote ni vyako wewe na wanafunzi, asikuulize mtu. Banda libaki kwa muda ambao kuna mwanafunzi mmoja anayekuja. Siku atakapokosekana hata mmoja, jengeni fremu na nyuma pia, sitawalaumu. Picha ya harusi iacheni hivyo hivyo, msiiwekee kioo kingine.

Ninyi watatu mkae kama watoto wa tumbo moja. Mungu awape uvumilivu wa kuangalia kabla ya kusema. Awape kazi inayomfaa mtu ambaye hamkumuuliza. Awape... njooni, vichwa. Mkono wangu mzito. Haya. Haya, nimewabariki.

Leo ni Jumamosi, si ndiyo? Nawasikia getini. Wanasukumana, yule mdogo anacheka.

Ufunguo wa banda uko chini ya mto. Hapana, Naeku, wewe kaa. Heriel achukue.

Umeushika. Vizuri. Pita humu humu ndani, mlango wa jikoni, usizunguke nyumba. Lile komeo la juu linakwama, ukilivuta kwa nguvu lita...

Hapana. Sisemi.

Nenda, baba. Romana, ninyanyue kidogo niweze kuona uani. Mimi naangalia mikono.