Mwalimu Kipara na Kiti cha Hadubini

Kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, tarehe thelathini mwezi huu Mwalimu Kipara anahitimisha miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia idara yetu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye akalipokea kwa moyo mkunjufu. Kwani umri wake ameutumia kuchunguza namna nywele zinavyoota, ilhali kichwani mwake hamna hata moja. Kila alipotaniwa alijibu kwamba hata daktari wa meno hung'oka meno. Mkewe huongeza kuwa nyumbani kwao chanuo halina ugomvi.

Kazi iliyompa heshima ni ya ngozi ya mtoto angali tumboni mwa mamaye. Mahali pa unywele huanza kama kishina cha seli zilizoshikamana, kisicho na tundu. Kisha seli za katikati hufa, wala si kwa maradhi. Hufa kwa mpango aliouweka Muumba, mpaka njia ifunguke na unywele upate pa kutokea. Wako waliodhani ni uharibifu tu. Yeye alizitazama kwa subira, na kwa adabu.

Alizitazama akiwa juu ya kiti kimoja, kilichoinuliwa kwa kipimo cha miguu yake mirefu. Ole wake aliyekigusa! Hata mkuu wa idara, akitaka kuchungulia hadubini, alining'iniza miguu kama mtoto kwenye meza ya wakubwa.

Mwaka huu mkataba wa msaidizi wake, mama wa mapacha, ulikaribia kwisha, na nafasi ya kudumu haikuwapo. Binti huyo alikwisha kuanza kufungasha vitabu vyake. Mwalimu, aliyebakiza miaka miwili kazini, akaomba kustaafu mapema ili nafasi yake apewe yeye. Na uongozi ukaridhia. Tulipomsihi afikiri tena, alicheka: "Nastaafu jamani, sifi! Msinikalie matanga."

Jumatatu iliyopita tulimkuta maabara amepiga magoti, spana mkononi, anashusha kile kiti. Msaidizi wake alipokaa, nyayo zake zilitua sakafuni barabara. Alitaka kushukuru, machozi yakamtangulia.

Ahsante, Mwalimu wetu. Mola akupe afya, na wajukuu wa kukupapasa kipara. Siku zako zilizosalia ziwe za heri na raha. Nenda kwa amani. Njia umeifungua, na tayari ina mpitaji.