Clifford Ormerod na Bao Ambalo Hakuliona

Ndugu, majirani na watu wote wa Skelbeck Rovers, tunawasomea maisha ya babu yetu Clifford Ormerod, pamoja na pale alipokosea, maana mwenyewe alitaka hivyo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1943, Mtaa wa Tenter hapa Skelbeck, mtoto wa tatu wa Harold na Edith Ormerod. Akiwa na miaka minne baba yake alimbeba mabegani hadi uwanjani. Rovers walifungwa matano. Alilia, si kwa ajili ya mabao, bali kwa sababu walikuwa wanarudi nyumbani.

Alisoma shule ya kanisa ya mtaani, akaacha akiwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu alimwambia mama yake, “Mama, hesabu hawezi kabisa, lakini muulize msimamo wa ligi.”

Tangu 1958 hadi 2003 alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mazulia. Kazi yake nyingine haikuwa na mshahara: kila mwisho wa msimu, kuanzia 1974, aliandika ukurasa mmoja katika jarida la klabu, akiutafakari msimu na kuwakumbuka wachezaji wa zamani. Aliwahi kuandika, “Tumepoteza mechi kumi na tisa, ila nyasi zilipendeza.” Kuhusu winga mmoja wa zamani: “Alikuwa na mguu mmoja tu wa maana, lakini huo ulitosha kuamsha mtaa.” Watu waliukata ukurasa huo na kuuhifadhi. Kwa watu wa hapa, alichoandika Clifford ndicho kilichotokea.

Tarehe 8 Julai 1967 alifunga ndoa na Enid Sugden, aliyekuwa akimimina chai dirishani pale uwanjani. Mechi tatu mfululizo alirudi dirishani na kikombe kilichojaa. “We kijana,” Bibi akamwuliza, “hii chai unainywa au unaitembeza?” Walijaliwa watoto wawili, Neville na Joyce.

Sasa lile kosa. Mnajua mashabiki wetu wakati wa mapumziko huhama wote kwenda nyuma ya goli tunalolishambulia. Tarehe 16 Januari 1982, nusu fainali ya kombe la mkoa, tulihama hivyo hivyo ingawa ukungu ulikuwa mzito. Rovers wakajifunga kwenye lile goli tulilolihama, upande wa pili wa uwanja, na hakuna kati yetu aliyeona. “Nani huyo?” watu wakaulizana. Mmoja akakisia, “Atakuwa Threlfall tu, nani mwingine!” Babu akaandika kwamba Barry Threlfall, beki wetu, alijifunga. Barry alizomewa hadi dukani. Msimu ulipoisha akaondoka, na hakuja hata mara moja kwenye chakula cha kila mwaka cha wachezaji wa zamani.

Dirisha la chai lilikuwa karibu na goli hilo. Miaka yote Bibi alisema, “Hakuwa Barry.” Babu alimjibu, “Wewe ulikuwa unamimina chai.”

Mei 2023, kwenye chakula hicho, Roy Catlow, beki mwenzake Barry, alitoa siri. “Mpira ulinigonga mimi gotini, Cliff. Nilinyamaza. Mkeo aliniona.” Babu alirudi nyumbani akamweleza Bibi. Bibi akasema tu, “Chai yako inapoa.”

Kesho yake alienda kwa Barry.

“Kwa hiyo uliandika bila kuona?”

“Ndiyo.”

“Ungeandika basi kwamba kulikuwa na ukungu.” Barry hakumkaribisha ndani. “Sitaki samahani za mlangoni. Kasahihishe mbele ya wale wale.”

Babu aliahidi kufanya hivyo mwisho wa msimu uliofuata, kwa kuusoma ukurasa wake uwanjani mbele ya mashabiki. Lakini Novemba madaktari walikuta mapafu yameharibika, wakasema huenda asifike masika. Hakuuliza kuhusu dawa. Aliuliza mechi zimebaki ngapi.

Tarehe 27 Aprili 2024 Neville alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi katikati ya uwanja, akampa kipaza sauti. Babu alisoma mistari miwili, pumzi ikamkatika. Barry, aliyekuwa amesimama kando ya uzio, akaingia, akaichukua karatasi.

“Hapa ameandika nilikuwa beki bora wa msimu ule,” akasema. “Huo nao ni uongo, ila nitausoma.”

Watu wakacheka. Babu akamshika mkono wa koti. “Barry, umenisamehe?”

“Nyamaza, mzee, nimalize.”

Akasoma hadi mwisho, na jina la aliyejifunga akalitaja taratibu. Roy alisimama jukwaani akainua mkono.

Babu alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 13 Mei 2024, Bibi akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Enid; watoto wawili, Neville na Joyce; wajukuu watano; na kitukuu, Ivy, wa miezi saba. Waliobeba jeneza leo ni wachezaji wa zamani sita, na aliyetangulia upande wa kulia ni Barry Threlfall.

Apumzike sasa babu yetu. Alilokosea mbele ya watu, alilisahihisha mbele ya watu.