Trela la Mama Mkwe

Teksi yetu ya abiria kumi na wanne ilipotoka Nateete, Wanjala alikwisha kumweleza mama aliyeketi naye, Hajati Nuriat, alivyolikarabati trela kuukuu kwa mikono yake. Alikuwa akienda Nakivubo kumpokea mama mkwe anayefika kwa basi kutoka Bungoma, ambaye kimila hawezi kulala nyumbani kwa mkwewe.

“Trela si nyumba, Hajati. Lina magurudumu.” Mawakili wetu hawajafikia akili hiyo.

“Na mvua?”

“Nimeziba paa kwa lami.”

“Halitikisiki?”

“Litikisike vipi? Nimeng'oa magurudumu, nikalijengea msingi wa matofali!”

“Hongera, ssebo,” alisema Hajati. “Umejenga nyumba.”

Teksi nzima iliacha kujifanya haisikii.

“Lakini mlango bado ni wa trela!”

“Basi mama alale mlangoni.”

Tukasimama Nakivubo. Wanjala, aliyemharakisha dereva njia nzima, alishuka wa mwisho.