Tawi la Majani Kwenye Pikapu ya Msiba

Kijiwe chetu kiko Majengo, pembeni ya njia ya sokoni, benchi mbili na jiko la Pontien muuza kahawa. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na tano, kampeni zimepamba moto, hatukukaa pale kwa starehe. Tulikuwa na hasira. Maximilian fundi cherehani, aliyetushonea karibu wote suruali za harusi, alikuwa amefariki, na ndugu zake wa Usevya walikuwa wameshaingia na lori. Kwetu msibani wanawake huleta maji na unga, wanaume huleta kuni. Zamani kila mwanamume alikuja na gogo lake begani, lakini tangu Stanslaus apate pikapu, kazi hiyo tumemwachia yeye. Basi tukamtuma akaokote kuni kavu upande wa Kasokola. Akapakia mpaka springi zikalala, na kwa heshima ya marehemu akafunga mbele ya gari tawi la majani mabichi, kama gari lolote la msiba linavyofungwa. Walinzi wa misitu pale kizuizini barabarani wakalitazama lile tawi, wakasema huyu amekata mti mbichi bila kibali. Gari wakalizuia, kuni wakazizuia, na Stanslaus mwenyewe wakamkalisha chini. Habari tuliletewa na mtu wa baiskeli, akaendelea na safari yake.

Wa kwanza kuruka alikuwa Aloyce. Tunamwita Wakili, kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi pale mahakama ya mwanzo, na hajashuka kizimbani mpaka leo.

— Haiwezekani! akasema Wakili. Tawi la msiba sio mti. Ni alama, kama bendera. Kuna mtu anakamatwa kwa sababu ya bendera?

— Tena mwaka huu ndio anakamatwa sana, akadakia Yunus, tunayemwita Redio maana kila taarifa ya habari anaitangaza upya na chumvi yake juu. Nyie hamsikilizi? Vyama vingi hivi! Kila rangi ina mwenyewe. Mtu anakuja na gari limejaa, mbele majani ya kijani yanapepea. Wamedhani kampeni.

— Kampeni ya kuni?

— Mbona wengine wanafanya ya pilau?

Tukacheka kidogo, halafu tukaona aibu ya kucheka. Kutoka pale benchini turubai la msiba lilionekana wazi. Masufuria makubwa yalikuwa yamefunikwa kifudifudi, na hakuna moshi uliopanda. Wageni wa Usevya walikaa kwenye mikeka wakitazama njia.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Ngusa. Huyu ni Msukuma, alihamia kwetu na ng'ombe wake, nasi tukampa jina la Zizi. Anaweza kunyamaza vikombe viwili vizima, lakini akianza, hazimiki.

— Bhana we, mimi nauliza, akasema Zizi. Juzi lori la magogo ya kukaushia tumbaku limepita hapo hapo kizuizini. Magogo manene kama miguu ya tembo! Nani alilisimamisha?

— Hao wana kibali, akajibu Wakili.

— Sasa marehemu angekwenda kuomba kibali cha kufa?

— Hapo umesema, nkoi, rafiki yangu! akashangilia Redio.

— Na huyo tembo mwenyewe, akaendelea Zizi, sauti imepanda. Kule mbugani anaangusha mti mzima, anakula magome, anaacha. Kesho yake mwingine. Kibali chake kiko wapi? Mimi Ngusa nikivunja fimbo ya kuchungia nafukuzwa kama mwizi! Nimechoka kuonewa na mnyama.

Hata mimi hapo damu ilinichemka. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba huu ni uonevu, tena uonevu wa kumdharau maiti, na mtu aliyezaliwa na mwanamke hawezi kuona tawi la msiba asivue kofia. Nilijisikia vizuri sana baada ya kusema. Pontien akanijazia kikombe.

— Nyie mnaona karibu, akasema Redio, akavuta benchi mbele. Mimi naona mbali. Miti yetu inapanda treni hapo stesheni, inakwenda Tabora, inakwenda Dar, inapanda meli. Ulaya wanaisaga, inakuwa karatasi. Karatasi inarudi huku, wanaandika juu yake KIBALI. Mmeelewa? Kibali chenyewe ni mti wa Katavi! Wao ndio wamekata, halafu wanamkamata Stanslaus!

Tukalitafakari jambo hilo. Lilikuwa zito.

— Hiyo inakwenda mahakama kuu, akaamua Wakili.

— Kuna kingine, akasema Zizi. Wanaitaka ile pikapu. Haya mambo ya kuni ni kisingizio. Wataipaka rangi, wataweka viti nyuma, wawapakie wazungu kwenda kutazama tembo.

— Na tawi watalitoa?

— Wataliacha! Wazungu wanapenda majani.

Wakili akasimama, akakung'uta suruali yake, ile ile aliyoshonewa na marehemu.

— Jamani, maneno matupu hayatoshi. Tupeleke wajumbe kizuizini. Watu wazima, wenye kauli. Tuwaambie ana kwa ana.

— Sawa kabisa!

— Twende leo leo!

— Tunakwendaje? akauliza Pontien. Kule ni mbali.

— Stanslaus atatu... akaanza Wakili, akakaa.

Hapo ndipo Theopista alipotokea, binti mkubwa wa marehemu. Khanga kaifunga kiunoni, macho yamevimba kwa kulia, na viganja vyake vilikuwa na unga.

— Shikamooni baba zangu.

— Marahaba mwanetu. Pole sana. Pole.

— Nimetumwa na mama. Anauliza kuni zimefika wapi. Wageni hawajatia kitu mdomoni tangu jana, wana watoto wadogo.

Tukamweleza wote kwa pamoja. Wakili akamweleza alama na bendera, Redio akafika naye mpaka Ulaya, Zizi akamwonyesha kwa mikono unene wa yale magogo ya tumbaku. Mimi nikamwambia tunavyoumia, na ilikuwa kweli, tuliumia. Theopista akasikiliza mpaka mwisho bila kumkata mtu kauli. Halafu akatutazama mmoja mmoja, bila hasira, kwa uchovu tu.

— Nyie baba zangu, akauliza, huko majumbani kwenu chai ya leo asubuhi imechemshwa na nini?

Redio akatazama kikombe chake. Zizi akakohoa.

Theopista hakungoja. Nyumba ya Wakili ndiyo iliyokuwa karibu, ukuta wake uko nyuma ya benchi, akapiga hodi akaingia. Tukamsikia Rahel, mke wa Wakili, akisema, "Jamani, si mngesema mapema? Chukua mwanangu, chukua na zile za nyuma ya choo. Ngoja nikuitie na mama Yasinta wa jirani."

Wakatoka wanawake watatu, mizigo ya kuni vichwani, Rahel mbele. Njia ile ni nyembamba, nasi tulikuwa tumenyoosha miguu. Tukaikunja wapite.