Mama Nne na Kisanduku cha Mwaka

Baada ya miaka thelathini na miwili katika kitengo cha kumbukumbu za watumishi, Mama Nne anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026. Keki ya kwanza, ile ya Desemba, tuliila bila yeye kustaafu. Sababu inakuja.

Aliingia kama mpiga chapa. Kompyuta zilipoletwa, wengine tulizifunika vitambaa. Yeye alijifunza kuziandikia programu. Kazi yake kubwa ni kisanduku kimoja kidogo kwenye fomu zetu: mwaka wa kuzaliwa. Zamani kila mtu alijaza alivyopenda. Mpishi wa kantini aliandika "sabini na kitu". Dereva aliweka herufi O penye sifuri. Mhasibu, mtu wa kuaminika kabisa, aliandika mwaka wenye tarakimu tano. Mama Nne akaweka sheria: tarakimu nne, bila herufi wala nafasi, usiwe kabla ya 1900 wala usiupite mwaka huu. Jina likamganda hapo.

Majibu ya kompyuta aliyatunga mwenyewe. Mkurugenzi alipoteleza kidole akaandika 2967, aliambiwa: "Bado hujazaliwa. Tafadhali subiri." Alishuka ngazi akiwa amefura. Mama Nne alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha kiti, kisha akamwomba kwa heshima zote aandike upya. Aliandika.

Novemba, akihesabu miaka sitini ya kustaafu, aliwasilisha fomu yake. Alikuwa na haraka: mama yake mzazi, aliyevuka miaka themanini na mitano, anaishi peke yake, na walishaahidiana kukaa pamoja siku kazi itakapoisha. Kompyuta ikaikataa fomu! Faili lake lilifunguliwa enzi za karatasi, na karani wa wakati huo alikuwa ameandika 1965 na alama ya kuuliza pembeni, ikanakiliwa hivyohivyo kwenye kompyuta. Mama yake anasema 1965. Shangazi yake anashikilia 1966, na mawifi hao hawajawahi kuafikiana.

Tulimshauri aifute tu ile alama, si kitufe kimoja? Alitutazama kama tuliomtukana. Akatuuliza ni watu wangapi amewarudisha nyumbani wakatafute ushahidi, halafu yeye ajipitishe kwa mlango wa nyuma. Basi Desemba ikapita, keki ikaliwa, yeye akabaki kazini, na kila jioni mama yake alipiga simu kuuliza kulikoni.

Wiki mbili zilizopita shangazi alipiga simu, kwa sauti ya upole isiyo yake. Kadi ya kliniki imeonekana kwenye droo ya cherehani. Desemba 1964. Mawifi wote wawili walikosea, na Mama Nne alipaswa kuwa ameenda nyumbani tangu Desemba 2024, mwaka mzima nyuma. Aliandika mwaka, kisanduku kikakubali. Akacheka mpaka akashikilia meza. Kisha akalia, nasi tukalia naye, maana mwaka mmoja wa mzazi wa umri ule si wa kuchezea.

Mama Nne, asante kwa ukali wako, kwa subira yako, na kwa kutotukubalia tukisie. Sherehe inaanza saa tatu. Hotuba zote zimefutwa, hata ya mkurugenzi, na gari litakuwa getini saa tatu na nusu. Mama yako ameshapigiwa simu: unafika leo. Tunawatakia maisha mema, wewe na yeye.