Barua Niliyoiandika kwa Niaba Yake

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya naye kazi, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Historia hii imeandikwa na binti yetu, na ilikuwa isomwe na shemeji yangu, mdogo wa kiume wa marehemu, ila nimemwomba anipishe, na sababu yake mtaielewa tukifika katikati.

Mke wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari hadi 1973, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1974, wasichana wakiwa wawili kati ya wanafunzi arobaini, na kwa kuwa chuo hakikuwa na choo cha wasichana, waliazima ufunguo wa choo cha mkuu wa chuo, ambaye naye ilibidi azoee kupanga foleni.

Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa katika karakana ya mita za maji, kazi yake ikiwa kufungua mita zilizokwama, kusugua vigurudumu vyake kwa mswaki na kuzipima upya mpaka zisome sawasawa, na ndiyo maana wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Mita. Tulifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1979, tukajaliwa binti mwaka 1981 na mwana mwaka 1984.

Hapa karatasi inasema kwamba mwezi Februari 1985 marehemu aliacha kazi kwa hiari yake ili alee watoto. Binti yangu ameandika alichokisikia kwangu tangu utotoni, hana kosa, lakini si kweli, na naomba nisahihishe. Mwezi ule mke wangu alikuwa ameteuliwa kuwa msaidizi wa msimamizi, juu ya wanaume kumi na mmoja, na wenzangu kazini wakawa wananitania kwamba siku hizi sitoki nyumbani bila ruhusa, utani ule ukanichoma. Ijumaa tarehe 8 niliandika barua kwa mwajiri wake kwamba mke wangu hataendelea na kazi, nikatia sahihi yangu, nikaipeleka mwenyewe, ikapokelewa, kwa sababu siku zile sahihi ya mume ilitosha, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza yeye mwenyewe. Jumatatu alipofika getini na ovaroli yake, mlinzi ndiye aliyempa habari, kwa upole, akimwambia mama, humu ndani wanasema umeshaaga. Alirudi nyumbani, akaifua ile ovaroli, akaianika, akapika, wala hakunigombeza, nami nikajidanganya kwamba kunyamaza kwake ni kukubali.

Alikaa nyumbani miaka tisa na nusu. Tarehe 1 Septemba 1994, sheria za kazi zikiwa zimebadilika, alirudi karakana kwa barua aliyoiandika na kuisaini mwenyewe, akaanzia chini kabisa, akiamrishwa na vijana aliowafundisha kushika bisibisi, na mwaka 2009 akawa msimamizi mkuu, hadi alipostaafu mwaka 2016. Binti yetu alipochumbiwa, wakwe wakauliza kama mama ana neno, alisema analo moja tu kwa kijana, kwamba siku mke wake akichoka na kazi atasema mwenyewe, watu wakacheka wakidhani ni mzaha, mimi nikainama kutazama viatu vyangu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa na umri wa miaka 67, akiacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wa karakana, ambao wameomba kubeba jeneza, na mafundi sita watakaolibeba wote ni wanawake.

Mke wangu, kwa miaka thelathini na minane tangu barua ile tumekula meza moja, nami sikuwahi kukuomba radhi, kwa kuogopa utakachosema. Leo naomba mbele ya watu, wakati huwezi kunikatalia, na najua kwamba hata hili nimeliamua peke yangu. Pumzika kwa amani.