Mwoka Mikate na Tundu la Ukuta

Benchi la mbele ya kinyozi lilikuwa kama lina msiba. Jana wote walikwenda kibanda cha video kuangalia ile picha ya zamani isiyo na rangi, ya mwoka mikate mwenye uso ulioharibika, anayeuza kupitia tundu la ukuta asionekane. Mji mzima unausifu mkate wake, mpaka siku anapotoka nje. Wakiuona uso wake, wanautupa mkate barabarani. Anakufa peke yake kando ya tanuri, na mikate ya kesho imeshaiva. Watu wazima walilia, na Kinyozi alilia kuliko wote.

— Mwenye makosa ni lile tundu, alisema Kaseti, mshona viatu, aliyeiona picha hiyo mara tisa. Angeweka mlango, wangemzoea.

— Wangemzoea wapi? Hakimu, mwalimu mstaafu, alipuliza kahawa yake. Walikuwa wanamjua siku zote. Walijifanya tu hawamjui.

— Basi hata kufa hakufa. Alijilaza aone nani atakuja. Tazama vizuri, kifua kinapanda.

— Mara tisa, na bado unaona vyako.

— Kinachoniuma hakuna aliyemgongea. Mimi ningeingia, nikae naye, nile ule mkate mbele yao wote.

— Hata mimi, bwana.

Kinyozi alikuwa anakung'uta taulo mlangoni. Roho ilikuwa inamsuta. Mwaka jana fundi wa mageti, mwenzao wa benchi hili hili, alilipukiwa na mtungi wa gesi usoni. Alipopona alikuja kunyolewa, na Kinyozi, kwa huruma zake, akamgeuzia kiti kikatazama ukuta ili asijione kwenye kioo. Fundi alinyolewa, akaaga vizuri, hakurudi tena. Kumbe huruma nyingine ni kumfukuza mtu.

Mke wa fundi alitoka duka la jirani, kikapu mkononi.

— Shemeji, karibu kahawa, alisema Kaseti.

— Asante. Nimewasikia tangu dukani, mnamlilia mtu wa kwenye picha. Nilifuata wembe. Jumamosi binti yetu anaolewa, na baba yake nitamnyoa mwenyewe.

— Hongereni sana, alisema Hakimu.

— Tumeshukuru. Hivi, shemeji zangu, kwetu mlikuja lini mara ya mwisho?

Kaseti alikigeuza kiatu alichokuwa anashona, akakigeuza tena. Hakimu alichungulia kikombe, kikombe kilikuwa kitupu. Muuza kahawa aliinua birika kummiminia. Nalo halikuwa na kitu.

Kinyozi aliingia ndani, akatoka na mkoba wenye mashine na taulo safi.

— Shemeji, wembe weka. Nyumbani kuna kioo?

— Kipo. Anajitazama kila asubuhi. Ni nyinyi ndio hammtazami.

Kinyozi alifunga duka mchana kweupe, akamfuata.